Pata ya inchi 35 ni ndefu kwangu: niikate, niishike chini, au nitafute nyingine?

Isevya_Gofu
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tabora mjini. Nina pata (fimbo ya gofu ya kusukumia mpira shimoni) ya mtumba, shafti (mti wa fimbo) ya chuma, urefu inchi 35, kichwa gramu 340. Kimo changu sentimita 162. Nikiinama kawaida, sehemu ya juu ya gripu (mpira wa kushikia) inagusa nguo tumboni na ncha ya kichwa, upande ulio mbali na miguu, inanyanyuka. Mjomba naye ana ya inchi 33, anataka ifike 35 kwa sababu mgongo unamsumbua. Hapa hakuna duka la vifaa vya gofu, kwa hiyo kazi itafanywa na fundi wa kawaida au na mimi mwenyewe. Kati ya kuishika chini (kushusha mikono kwenye gripu), kuikata, kuongeza kipande na kutafuta nyingine, ipi inafaa kwa nani?

Fundi_Cheyo
Kabla ya kushika msumeno, hakikisha urefu. Pata hupimwa kuanzia juu ya gripu, kufuata mstari wa shafti, hadi chini ya kichwa. Wengi hupima shafti tupu wakasahau kofia ya gripu (mfuniko wake wa juu), wakajikuta wamekosea milimita tano au zaidi.

Kisha jipime mwenyewe. Simama kama unayeputi, mikono ining'inie chini ya mabega bila kunyooka kabisa. Shikilia mpira kwenye daraja la pua, uachie. Ukidondoka juu ya mstari wa kulenga, au ndani yake kidogo upande wa miguu yako, umesimama mahali pazuri. Hapo shika pata ilipo mikono, funga tepu juu ya mkono wa juu, pima toka hapo hadi chini, ongeza nusu inchi. Huo ndio urefu wako. Kwa kimo chako sitashangaa ikija 33 (milimita 838), ila kimo peke yake hakitoshi. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana inchi nzima kwa sababu ya urefu wa mikono na namna ya kuinama.

Ukishapata namba, putia hivyo hivyo kwa kushika chini, wiki mbili hivi. Kuishika chini ni bure na hakuharibu kitu. Chuma kikishakatwa, kimekatwa.

Kitete_Kedi
Naungana na Fundi kuhusu kujaribu, ila kushika chini kusigeuzwe kuwa suluhisho la kudumu. Inchi mbili zinazobaki juu ya mikono zinafanya kazi ya uzito wa kusawazisha, kichwa kinahisi chepesi. Pia gripu nyingi hupungua unene kuelekea chini, kwa hiyo mkono wa chini unashika sehemu nyembamba na viganja vinaanza kucheza. Na kile kipande cha juu kikikaa tumboni ni tatizo la sheria: tangu tarehe 1 Januari 2016 hairuhusiwi kuegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga.

Gongoni1
Mbona rahisi. Wewe una 35 unataka 33, mjomba ana 33 anataka 35. Badilishaneni.

Isevya_Gofu
Mjomba anapiga kwa kushoto, mkuu.

Fundi_Cheyo
Basi tuendelee na kukata. Kata upande wa gripu, kamwe usikate upande wa kichwa. Pata nyingi zina shafti iliyokunjwa karibu na kichwa, na huo mkunjo ndio unaoweka pembe na kukirudisha kichwa nyuma ya mstari wa shafti. Ukikata huko umeharibu kila kitu.

Gripu ukitaka kuiokoa, nenda kwa fundi wa tairi mwenye kompresa. Anaingiza ncha ya upepo kwenye tundu la kofia, anaachia kidogo kidogo, gripu inavimba na kuteleza. Usisimame mbele yake, inaweza kuchomoka kwa kasi. Kama ni kuukuu, ipasue kwa wembe wa ndoano toka mdomoni hadi kofiani, ukisukuma mbali na mwili.

Shafti ya chuma: kikata bomba cha fundi bomba kinatosha. Kaza kidogo, zungusha, kaza tena kidogo. Ukikaza sana kwa mara moja mdomo unakunjamana kwa ndani. Malizia na tupa ya mviringo na msasa, maana ukingo mkali utaichana gripu mpya toka ndani. Shafti ya grafaiti isiguswe na kikata bomba, kinavunja nyuzi zake. Hiyo ni msumeno wa meno 32 kwa inchi, tepu imezungushwa sehemu ya kukata, unaigeuza huku unakata, na barakoa usoni kwa sababu vumbi lake linawasha na kuingia mapafuni.

Kata inchi moja kwanza. Ukiona bado, kata nyingine.

Ujiji_Kijani
Nipo Kigoma, naongezea kitu ambacho wengi hukiona baada ya kukata: kichwa kinakuwa chepesi mkononi. Si kwa sababu ya chuma kilichoondoka, kipande cha inchi mbili ni gramu chache tu. Ni kwa sababu kichwa kimesogea karibu na mikono, nguvu yake ya kuvuta imepungua. Matokeo yake unaanza kuisukuma fimbo kwa viganja, mpira wa mbali haufiki, wa karibu unapita shimo. Ndiyo maana kwa pata ya aina moja, watengenezaji huweka kichwa kizito zaidi kwenye fupi: kwa kawaida kiasi cha gramu 10 kwa kila inchi. Ya kwako yenye gramu 340 kwenye 35 inataka kama 360 kwenye 33.

Gramu 20 utazipataje? Mkanda wa metali ya risasi wa upana wa nusu inchi una gramu 2 hivi kwa kila inchi nne, kwa hiyo unahitaji kama mita moja, uliobandikwa kwa tabaka chini ya kichwa au kwenye uwazi wa nyuma. Gawanya sawa kisiginoni (upande wa kichwa ulio karibu na miguu) na nchani, vinginevyo kichwa kitajigeuza. Kama chini ya kichwa kuna skrubu za uzito, badilisha hizo, ndiyo njia safi.

Kwa mazoezi tu, zile risasi za kubandika za kusawazishia tairi zinafaa, huja kwa vipande vya gramu 5 na 10. Mashindanoni usiende nazo, sheria haipendi vitu vya kupachika nje. Mkanda wa risasi unakubalika, mradi usiuongeze au kuutoa katikati ya raundi. Nawa mikono baada ya kushika risasi.

Kitete_Kedi
Hapo umesema la maana kuliko yote. Na kwenye grini (eneo lenye shimo) za mchanga uliotiwa mafuta, ambako mpira huenda polepole kuliko kwenye nyasi zilizonyolewa, kichwa chepesi kinaadhibu mara mbili.

Dada_Ipuli
Na ile ncha inayonyanyuka? Ikikatwa itatulia?

Fundi_Cheyo
Mara nyingi ndiyo, dada. Fimbo ikiwa ndefu mno mtu husimama mbali, mikono inashuka, ncha inapanda. Ikifupishwa anasogea karibu na shafti inasimama zaidi. Pima kwa sarafu: weka pata sakafuni tambarare ukiwa umesimama vizuri, jaribu kuipitisha sarafu chini ya ncha, kisha chini ya kisigino. Ikipita upande mmoja tu, pembe haijakaa. Lakini usihangaike sana, uso wa pata umelala nyuma nyuzi 3 au 4 tu, kwa hiyo kosa dogo la pembe halipotoshi mpira kama kwenye fimbo za chuma (iron). Kama ni lazima kupinda, shafti inapindwa kwenye kifaa maalumu, si kwenye goti.

Ujiji_Kijani
Sasa mjomba. Kurefusha inchi mbili ni kazi ya kizibo kinachoingia kwenye mdomo wa shafti. Pima kipenyo cha ndani kwa kaliba ya vernia, usikisie: kwa nje shafti nyingi za pata zina milimita 14.7 hadi 15.2 juu, na ukuta ni mwembamba. Sehemu inayozama ndani iwe na urefu usiopungua sehemu inayotokea nje, na sehemu ya nje iwe na unene sawa na shafti, la sivyo gripu itakuwa na nundu.

Chuma kizito juu kitafanya kichwa kihisi chepesi. Plastiki ngumu au alumini ni bora. Mbao nayo inawezekana, na huko Tabora mnayo mninga, mbao isiyojikunja wala kusinyaa sana ikikauka. Mbao mbichi ya aina yoyote italegea kiangazi. Kwaruza kizibo na ndani ya shafti kwa msasa, futa kwa spiriti, paka gundi ya epoksi ya mirija miwili iliyochanganywa sawa kwa sawa kama pakiti inavyoelekeza, futa iliyomwagika, acha saa 24. Epoksi ya dakika tano isitumike, ni dhaifu.

Fundi_Cheyo
Kuhusu kurudisha gripu: tepu ya pande mbili kwa urefu wa shafti, ziada ikunjiwe ndani ya mdomo. Ziba tundu la kofia kwa kijiti cha kuwekea mpira, mimina spiriti nyeupe ndani, tikisa, mwagia juu ya tepu, sukuma kwa mkupuo mmoja. Fanya kivulini, kwa jua la Oktoba hapa spiriti inakauka gripu ikiwa nusu njiani. Mafuta ya taa hapana, yanaacha utelezi. Petroli inakauka haraka mno na inalipuka. Upande bapa wa gripu, wa kuwekea vidole gumba, ukae nyuzi 90 na uso wa kichwa. Una dakika moja hivi ya kuusogeza.

Gongoni1
Na zile pata za kurefushwa kwa kukaza ufunguo?

Ujiji_Kijani
Zinafaa pale pata moja inapotumiwa na watu wawili wa kimo tofauti, au mtoto anayekua. Ubaya ni mchanga kuingia kwenye maungio na uzito wa kichwa kubaki ule ule kwa kila urefu. Na raundi ikianza, urefu haubadilishwi.

Isevya_Gofu
Asanteni sana wakuu. Nafunga tepu kesho nianze kushika chini, na ya mjomba naipeleka kwa seremala anichongee mninga mkavu. Fundi, kipenyo cha ndani nikipate kabla au baada ya kutoa gripu?

Fundi_Cheyo
Baada. Na upime sehemu mbili, mdomoni na sentimita tano ndani, shafti nyingine hupungua.