Kwa nini kijiji cha Nicodemus kimebaki na watu wachache?

Muulizaji, Gulu: Ndugu zangu, nimesoma kwamba Nicodemus, kijiji kilicho katika mbuga za nyasi za Kansas, Marekani, kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky baada ya utumwa kukomeshwa. Mbona leo wakazi wake ni wachache mno?

Jibu, Soroti: Ndugu, sababu kubwa ni reli. Mwaka 1888 kampuni ya Union Pacific ilipitisha njia yake kusini mwa mto Solomon, ikakiacha kijiji kando, na wafanyabiashara wengi wakaifuata. Kisha ukame wa miaka ya 1930 ukawaondoa wakulima wengi. Sisi wa Soroti tunaelewa vizuri reli ina uzito gani kwa mji.

Jibu, Moroto: Naongeza kwamba walowezi wa kwanza waliishi katika vibanda vilivyochimbwa ardhini, kwa kuwa miti ya kujengea ilikuwa haba, na katika majira ya baridi ya mwanzo Waosage, wenyeji wa asili wa Marekani, waliwagawia chakula, jambo linalonigusa sana. Wazao wa walowezi hao hurudi kila mwaka, mwishoni mwa Julai, kusherehekea ukombozi, na tangu 1996 kijiji kinahifadhiwa kama eneo la kihistoria la taifa.