Ubwiriunga wa mikorosho: salfa ya unga au dawa ya maji?

Mkulima, Newala:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Machipukizi ya maua ya mikorosho yangu yamefunikwa na unga mweupe, kisha yananyauka na kuwa kahawia kabla ya kufunga korosho. Je, nitumie salfa ya unga au dawa ya maji, nikizingatia kwamba huku kwetu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya kununua?

Bibi shamba, Masasi:
Pole sana, ndugu. Huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani machanga na maua. Kwa hali ya Newala ningechagua salfa, kwa sababu haihitaji maji. Pulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, kwani unga hunata vizuri. Jua likishapanda, sehemu kubwa hupeperuka bure. Anza mara maua yanapochomoza, kisha urudie kila baada ya wiki 2 hivi, huku ukijifunika pua na macho.

Mkulima, Nachingwea:
Naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza: pogolea. Ukungu hujificha kwenye maotea, yaani machipukizi yanayoota ndani ya mti, na matawi yaliyosongamana huzuia hewa. Kituo cha utafiti cha Naliendele huzalisha aina bora za mikorosho. Mti mkongwe usiozaa unaweza kukatwa na kubebeshwa vikonyo (vijitawi vya kupandikizia) vya aina hizo.

Mkulima, Newala:
Ahsanteni sana. Mashine ya kupulizia nitaazima kwa jirani, na maotea nitaanza kuyaondoa kesho.