Kumpeleka binti wa miaka 13 kwenye Makumbusho ya Auschwitz-Birkenau

Swali

Ndugu zangu, salaam. Mwezi ujao mimi na binti yangu wa miaka 13 tutakuwa Poland kwa siku chache, naye ameniomba sana twende Auschwitz-Birkenau, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, kwa kuwa darasani wamesoma habari za Wayahudi waliouawa na Wanazi. Makumbusho yenyewe hayashauri kuwapeleka watoto walio chini ya miaka 14. Je, nisubiri, au nimwandae twende? Ninachohofia ni kwamba atatoka pale na picha za vifo tu, bila kuwafahamu waliokufa.

Jibu la kwanza

Mzazi mwenzangu, mimi nilikwenda na mwanangu akiwa na miaka 15, na hata kwake palikuwa pazito. Katika Jengo la 4 kuna karibu tani 2 za nywele zilizokatwa kwa wanawake, zimelundikwa nyuma ya kioo, na humo hairuhusiwi kupiga picha. Lakini kilichomshika mwanangu ni masanduku ya safari yaliyomo Jengo la 5. Waliosafirishwa kuja kambini waliyaandika majina yao wakiamini kwamba mizigo watarudishiwa, na hadi leo majina yanasomeka, yamepakwa kwa rangi nyeupe, mengine pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Mwanangu alisimama mbele ya sanduku moja akitoa mwaka kutoka kwa mwaka, akakuta mwenye sanduku alikuwa mdogo kuliko yeye. Kwamba waliouawa pale ni takriban watu milioni 1.1, na karibu milioni 1 kati yao Wayahudi, alikuwa anajua tangu nyumbani. Ile hesabu ya kutoa ndiyo aliyoizungumza njia nzima.

Jibu la pili

Kwa heshima zote, mimi ningesubiri ile sehemu ya nywele na vyumba vya chini vya Jengo la 11, lililokuwa jela ya kambi, kwa sababu mtoto akishaona hawezi kuambiwa asahau. Hata hivyo, hofu yako ina dawa: anzeni mjini Oświęcim kwenyewe, mji ambao Wajerumani waliuita Auschwitz. Kabla ya vita zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Wayahudi, na sinagogi moja iliyosalia imehifadhiwa pamoja na jumba dogo la makumbusho linaloeleza maisha yao. Mkiamua kuingia kambini, msikose Jengo la 27, ambako michoro ya watoto imenakiliwa ukutani kwa penseli, chini chini, usawa wa macho ya mtoto, na ambako pana kitabu kikubwa chenye majina zaidi ya milioni 4 ya Wayahudi waliouawa na Wanazi kote, si kambini hapo tu.

Wekeni nafasi mapema kwa majina yenu, mchukue vitambulisho na mfuko mdogo tu. Birkenau, sehemu ya pili ya kambi, iko umbali wa kilomita 3 hivi kutoka kwenye majengo hayo, na kuna basi la bure. Huko ni uwanja mpana, reli, na vifusi vya vyumba vya gesi ambavyo Wanazi walivilipua kabla ya kukimbia mwaka 1945.

Muulizaji

Nawashukuru kwa dhati. Tutaanza na sinagogi, kisha Jengo la 27, na mwongoza wageni nitamweleza mapema umri wa binti yangu. Majengo ya 4 na ya 11 tutayapita nje. Nimemsimulia habari ya masanduku, akaniuliza kama majina yale kuna anayeyasoma kwa sauti; nimemwambia tutayasoma sisi.