Niuzieni filamu yenye sauti yake, nimechoka kulipia kelele za msimulizi

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, na nitajitahidi hasira hiyo isinivunjie adabu, lakini jambo lililotokea nyumbani kwangu hapa Unga Limited, Arusha, Jumamosi iliyopita limenifika kooni na siwezi kuendelea kulinyamazia.

Mama yangu amekuja kutoka Kibosho kunitembelea kwa majuma mawili. Kwa kuwa mvua za masika hazimruhusu mtu kutoka ovyo, nilipanga tuwe tunatazama filamu pamoja jioni. Nikaenda na flashi yangu kwenye duka moja la kujaza filamu karibu na Soko la Kilombero, nikataja kwa majina filamu tano nilizozitaka, na nikamweleza kijana wa pale kwa kauli iliyo wazi kabisa: "Naomba zenye sauti yake, zisiwe zilizotafsiriwa." Akaniitikia, "Hamna shida, dada." Nikalipa shilingi 5,000 nikaondoka. Tulipozifungua nyumbani, nne kati ya hizo tano zilikuwa na msimulizi anayezungumza juu ya waigizaji kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na sauti ya filamu yenyewe imeshushwa mpaka inasikika kama redio ya jirani.

Iliyoniuma kuliko zote ni Parasite ya Bong Joon-ho wa Korea Kusini, filamu iliyotoka mwaka 2019, ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka huohuo, na Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora. Nilikwisha kuitazama kwa mdogo wangu Moshi ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, na nilitamani mama aione kwa sababu inahusu mambo anayoyafahamu vizuri: familia ya watu wanne wanaoishi katika nyumba iliyozama nusu ardhini, wanaokunja maboksi ya piza ili wapate riziki, na ambao mmoja baada ya mwingine wanajipenyeza kwa uongo katika ajira za nyumba ya tajiri. Hata dakika ya ishirini haijafika, msimulizi akatangaza nani atakufa na nani atamuua. Mimi sitautaja mwisho huo hapa, kwa kuwa wapo ambao hawajaitazama na wana haki ya kuufikia wenyewe.

Halafu likaja suala la harufu. Katika filamu hiyo tajiri na mke wake wanaisema harufu ya dereva wao, ambaye ndiye baba wa ile familia maskini, na harufu hiyo si ya jasho wala ya pombe. Ni harufu ya nyumba ya chini, ya unyevu usiokauka ulioingia kwenye nguo na kwenye ngozi, ambayo hata wakibadilisha sabuni haitoki. Ni harufu ya umaskini wao, na wanapogundua kwamba matajiri wanaisikia, unaona kabisa nyuso zao zikibadilika. Msimulizi wetu alisema tajiri analalamika kwamba dereva amekunywa gongo kazini. Gongo! Kila harufu ilipotajwa alirudia gongo lake, na filamu ilipokwisha mama akanigeukia akaniuliza, "Sasa mwanangu, huyu baba mbona amefanya vile?" Ilinibidi nianze kumweleza filamu nzima upya, kwa sababu kitendo kile cha mwisho kimejengwa juu ya harufu ile tangu mwanzo, na mtu aliyeambiwa habari za gongo hawezi kukielewa hata akiitazama mara kumi.

Lakini kilichonifanya nitetemeke ni sehemu ya mvua. Ni usiku, mvua inanyesha kwa nguvu, baba na watoto wake wawili wanakimbia kutoka mtaa wa matajiri, wanateremka ngazi baada ya ngazi huku maji yakiteremka pamoja nao, mpaka wanafika kwao na kukuta maji machafu yamejaa ndani na choo kinayatapika. Maneno ni machache mno pale. Mtengenezaji aliiachia mvua na muziki. Sisi tunaoishi sehemu za bondeni za mji huu tunajua maana ya kuamka saa nane ya usiku na kukuta godoro limelowa na viatu vinaelea. Mimi nimewahi kusimama juu ya meza nikiwa nimeshika vyeti vya watoto mkononi, nikisubiri kupambazuke. Mama anaijua habari hiyo, na nilimwona amesogea mbele kwenye kochi, mkono mdomoni. Hapo ndipo msimulizi alipochagua kufanya mzaha kuhusu kuogelea, akatuma salamu kwa rafiki zake, akataja namba yake ya simu mara mbili. Mama yangu, ambaye hajui Kikorea wala Kiingereza, ambaye ndiye hasa inadaiwa kwamba anatafsiriwa, akasema kwa uchungu, "Huyu naye si anyamaze tuone!"

Naomba nieleweke vizuri. Sipingi kazi ya kutafsiri filamu kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilianzia kwenye mabanda ya video, mtu akisimama na kipaza sauti na kuwaeleza watazamaji kinachoendelea, na watu wa umri wangu tunamkumbuka msimulizi Lufufu, ambaye kanda zake zilizunguka nchi nzima. Wapo wazee, wapo watoto, wapo watu ambao hawakupata nafasi ya kusoma, na ni haki yao kuzielewa filamu za nje kwa lugha yao. Ninachokipinga ni msimulizi asiyejua lugha ya filamu anayoitafsiri, asiyejua kunyamaza pale ambapo filamu imenyamaza, na zaidi ya hapo nalipinga duka linalokupa filamu ya namna hiyo baada ya wewe kusema waziwazi kwamba huitaki.

Jumatatu nilirudi dukani. Jibu nililopewa ni kwamba wateja ndio wanaozitaka hizi, kwamba zenye sauti yake "hazitembei", na kwamba kama sikuridhika angeniwekea sizoni moja ya bure, ambayo nayo, nilipouliza, ilikuwa imetafsiriwa. Nilipomwuliza kwa nini asiweke zote mbili, akasema zitajaza nafasi. Hoja hiyo haina mashiko hata kidogo. Faili moja la filamu linaweza kubeba sauti mbili na mtazamaji akachagua kwa rimoti, na faili la maandishi ya chini kwa kawaida halifiki hata megabaiti moja, yaani ni dogo kuliko picha moja ya simu. Januari 2020, alipopokea tuzo ya Golden Globe, Bong mwenyewe aliwaambia Wamarekani kwamba wakikivuka kile kizuizi cha inchi moja cha maandishi ya chini watakutana na filamu nyingi nzuri ajabu. Sisi hata kizuizi chenyewe hatuwekewi ili tujaribu kukivuka.

Najua wapo watakaoniambia ninunue bando nitazame mtandaoni, na wengine watasema kwamba filamu za kwenye flashi zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Hilo la pili ni lawama ya haki na ninaipokea. Kuhusu la kwanza, filamu ya saa mbili hula gigabaiti nzima au zaidi, na kwa familia yenye watoto watatu wa shule hesabu hiyo haikubali kila Jumamosi.

Filamu ya tano ndiyo pekee iliyosalimika, na nadhani iliachwa kwa sababu ya uzee wake tu. Ni Hatari! ya mwaka 1962, ambayo John Wayne na wenzake waliiigizia huku kwetu, Momella, kabla Tanganyika haijapata uhuru. Habari yake ni ya kukamata wanyama na kuwauza kwenye bustani za wanyama za ng'ambo, jambo ambalo halikunipendeza, na ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu. Lakini tuliitazama na sauti yake. Baba mdogo, aliyekuja kumsalimia mama, alikuwa akiutambua Mlima Meru na kusikiliza maneno ya Kiswahili yanayosemwa humo, na pale Kiingereza kilipotushinda tulisimamisha filamu, nikaeleza kwa sentensi mbili, tukaendelea. Hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa.

Ninachodai ni kwamba duka liandike kwenye orodha ipi imesimuliwa na ipi haijasimuliwa, na mteja akisema anataka ipi, apewe hiyo. Mama anarudi Kibosho Jumapili ijayo, na bado nataka aione ile sehemu ya mvua kama ilivyotengenezwa. Mwenye kulijua duka la Arusha au la Moshi ambalo bado linaweka filamu zenye sauti yake, tafadhali aandike hapa chini kabla ya Ijumaa.