Somo la uraia: tukaririshe, au tuwaachie watoto wabishane?

Mzazi wa Isevya, Tabora

Wadau, salaam. Juzi binti yangu wa darasa la sita kaniletea daftari nisaini. Swali: "Taja sifa nne za raia mwema." Kajibu: anatii sheria, analipa kodi, analinda mali ya umma, anashiriki uchaguzi. Vema nne za wino mwekundu. Nikamuuliza, na kiranja wenu mlimpataje? "Mwalimu alimnyooshea kidole." Nikasaini.

Hoja naileta hapa: shule ifundishe uraia kwa kutaja na kufafanua, au iwaache watoto wachague na wabishane, hata kwa mambo yanayotugombanisha sisi wakubwa? Mimi niko upande wa pili, nasema mapema.

Sisi wa umri wangu tulisoma Elimu ya Siasa, enzi za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992 ikaja Uraia, baadaye msingi wakasoma Uraia na Maadili, na mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yanapishana mlangoni, "taja" na "fafanua" zimeketi palepale.

Wenzetu nao hawafanani. Ufaransa, kuanzia mwaka wa kwanza wa sekondari, darasa linapiga kura kupata wajumbe wake, na wajumbe hao wanakaa meza moja na walimu kwenye kikao kinachojadili maendeleo ya wanafunzi. Uingereza somo lenyewe halikuwa la lazima mpaka 2002, baada ya ripoti ya kamati ya Bernard Crick ya 1998. Marekani kila jimbo na lake. Arizona mwaka 2015 walitunga sheria mwanafunzi asimalize sekondari bila kufaulu maswali yaleyale wanayoulizwa wahamiaji wanaoomba uraia. Kukariri kwetu huko, tofauti ni bendera tu. Lakini haohao, Mahakama yao ya Juu iliamua 1943, vita ikiwa imepamba moto, kwamba mtoto halazimishwi kuisalimu bendera shuleni. Hukumu hiyo moja naona inafundisha kuliko mtihani mzima wa Arizona.

Walionikuna zaidi ni Wajerumani. Mwaka 1976 walimu na wataalamu wa elimu ya siasa, waliokuwa wakivutana vibaya, walikutana Beutelsbach wakatoka na makubaliano. Mwalimu asimsukumie mwanafunzi msimamo wake. Jambo linalobishaniwa nje lifike darasani na ubishi wake. Na mtoto aweze kupima mambo akijua yeye mwenyewe yanamgusa wapi.

Sasa njooni nyumbani. Januari 1958 TANU walikutana hapahapa Tabora kuamua kama waingie uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona ni matusi. Nyerere akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha chama chake. Watoto wetu wanakariri kwamba ule ulikuwa "Uamuzi wa Busara". Jibu limeshatiwa kwenye jina! Wagawe darasa mara mbili, nusu wamtetee Mtemvu kwa dakika kumi, uone kama kuna atakayesinzia.

Mwalimu, Urambo

Ndugu mzazi, njoo ushike chaki wiki moja. Darasa langu lina watoto tisini na kitu, na mtihani wa mwisho hauulizi nani alibishana vizuri. Hiyo dakika kumi ya Mtemvu naikata kwenye mada gani?

Halafu kuna usalama wa mwalimu. Mwaka jana niliwapa mada: makato ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kwenye tumbaku ni ya haki? Wakachangamka kweli, kuna mtoto alikuja na karatasi ya mauzo ya baba yake, imekunjwa mara nane, akasoma makato mstari kwa mstari. Kabla jua halijazama mzazi mmoja, mjumbe wa bodi ya AMCOS, yuko mlangoni kwangu anauliza nani kanituma. Huyo Mjerumani wako angenisaidia nini?

Muha wa Kasulu

Nyie mnabishana namna ya kufundisha, sisi huku swali liko nyuma ya hapo: raia ni nani? Mimi Muha, babu na bibi wamezikwa kijijini. Nikifuata karatasi yoyote ya kitambulisho naulizwa maswali ambayo shemeji yangu wa Moshi hajawahi kuyasikia. Lugha yangu inafanana na Kirundi, basi kesi.

Wilayani kwetu kuna kambi ya Nyarugusu. Watoto wa Kirundi wamekuwa wakisoma mtaala wa Burundi, wa Kongo wakisoma wa Kongo. Wengi wamezaliwa humuhumu, nchi wanayofundishwa hawajaiona. Na huko kwenu Tabora mna Ulyankulu: wale waliokimbia Burundi 1972, 2014 wakapewa uraia, wao na wenzao wa Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000. Mtoto wa pale akiulizwa sifa nne za raia mwema ataandika zilezile za binti yako. Atapata vema zilezile. Mtaani bado anaitwa mkimbizi.

Mzazi wa Isevya, Tabora

Muha, hapo sina jibu. Nakiri niliandika kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Mwalimu, la tisini nalikubali, la mtihani pia. La mlangoni ndilo linalonisumbua, maana makubaliano ya Beutelsbach yanamlinda mwanafunzi dhidi ya mwalimu. Wa kumlinda mwalimu wetu dhidi ya mjumbe wa bodi simuoni. Ile mada uliiacha?

Mwalimu, Urambo

Sikuiacha. Watoto waliandika barua kumwomba mjumbe aje mwenyewe darasani atetee makato yake. Nikaipeleka kwa mkono. Bado tunamsubiri.