Nina miaka 43, nataka kujifunza bagipaipu, nimechelewa?

Habari wakuu. Nipo Glasgow mwaka wa sita sasa, wikendi ukipita mjini hukosi jamaa kavaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, anapuliza lile zumari la mfuko mpaka mwili unasisimka. Na mimi nataka, ila bei imechangamka balaa na sijawahi kupiga hata filimbi. Nianzie wapi?

mpulizaji_mwenzio: Usinunue mfuko mkuu, yaani bagipaipu yenyewe! Kila mtu anaanza na chanta ya mazoezi, kibomba tu cha mkononi, utakaa nacho miezi kibao. Noti ni 9 tu, usicheke, zilinitoa jasho hizo, maana ukishaanza sauti haikatiki, huwezi kutenganisha kwa ulimi kama filimbi, ukitaka noti ileile mara mbili inabidi uchomeke kinoti katikati kwa kunyanyua kidole fasta. Na vidole vya mkono wa chini vilaze bapa, mi nilikuwa navikunja, mwalimu ananigonga na penseli kila saa.

mtoto_wa_lamu: Kwetu mpiga zumari anajaza mashavu hewa huku anavuta pumzi kwa pua. Huku kazi hiyo inafanywa na mfuko, ukivuta pumzi unabana kwa mkono. Presha ikiyumba tu, inalia kama mbuzi anachinjwa hapo. Oman hata jeshini wanapiga bagipaipu.

Muuliza swali: Asanteni. Na jirani wa chini?

mpulizaji_mwenzio: Chanta atavumilia. Mfuko nenda nao bustanini, tena mbali.