Injinia wa vifusi vya dhoruba, hii kazi ipo kweli au nnadanganywa?

mtoto_wa_wete
Asalaam alaykum wana jukwaa. Mie nimesoma sivil, mwaka wa nne huu nipo saiti, barabara na makalvati, na mnajua kazi zetu zilivyo, mkataba ukiisha unakaa barazani miezi mitatu unahesabu wapitao. Sasa mtoto wa ami yangu yupo Florida ananambia kule kuna mainjinia kazi yao kufuata dhoruba tu, upepo ukishapiga wao ndo wanaingia kuondoa miti na vifusi na wanalipwa vizuri. Nikamcheka, nikamwambia hisabati zote zile nilizosoma nikazoe takataka? Lakini jambo halijanitoka kichwani. Injinia anafanya nini pale ambacho mtu wa tipa hawezi? Na huku kwetu ina maana yoyote au mpaka niondoke? Babangu akisikia neno vifusi atasema nimesoma ili niwe hamali.

bwana_tipa
Vifusi mbona vipo hapa hapa Mwanakwerekwe kila masika, njoo na viatu vya mvua tu 😂

nshapita_huko
Yakhe usicheke, mie kazi hii nimeifanya misimu mitatu, Florida mara mbili na Louisiana mara moja. Kwanza elewa pesa inatoka wapi. Dhoruba ikipiga na rais wao akatangaza maafa, mji unamwajiri kontrakta asafishe halafu unaidai serikali kuu kupitia FEMA, shirika lao la maafa, na hao kwa kawaida wanarudisha si chini ya asilimia 75 ya gharama. Vifusi vina fungu lao, wanaliita Kategoria A. Sasa FEMA hawalipi maneno, kila gari lazima liwe na tiketi, limepakia wapi, saa ngapi, limebeba nini, limemwaga wapi, ujazo gani. Tiketi ikikosekana mji umekula hasara. Hapo ndo anatakiwa mtu asiyekuwa wa kontrakta asimame katikati.

Mie nilianzia mnarani. Mlangoni pa jaa la muda panajengwa kijimnara, unapanda, gari linapita chini yako unatizama ndani ya bodi unasema asilimia 70, asilimia 85, unaandika. Gari lenyewe lishapimwa kwa tepu kabla kazi haijaanza na ujazo wake umebandikwa ubavuni, wao wanatumia yadi za ujazo, moja ni kama 0.76 ya mita ya ujazo yetu. Na kwa vile wanalipwa kwa ujazo basi vituko utaviona. Kuna dereva mmoja alikuwa akipanga matawi pembeni yamesimama kama ua wa makuti, katikati patupu kabisa, ukiwa chini unaona gari limejaa mpaka linamwagika. Nikamwandikia 55. Akashuka akaja kunitukana, nikamwambia panda huku utizame mwenyewe. Hakupanda.

mtoto_wa_wete
Kwa hiyo mainjinia wanahesabu matawi tu?

nshapita_huko
Hiyo ni ya kuanzia, na aliyeruka hatua hiyo baadae anadanganywa mchana kweupe. Ukipanda ngazi ndo unapanga jaa la muda likae wapi, maji ya mvua yatokee wapi, magari yaingie mlango gani na yatoke upi yasisubiriane, miti isagwe au ichomwe. Kusaga kunapunguza ujazo kama asilimia 75, kuchoma mpaka 95 lakini upate ruhusa na moshi usiingie majumbani. Tawi linaloning'inia juu ya njia lipite unene wa inchi 2 pale lilipovunjika ndo linahesabika, kwa hiyo unapiga picha na tepu ikionekana. Mafriji hayachanganywi na mbao kwa sababu ya gesi. Uani mwa mtu huingii, yeye anatoa vitu vyake mpaka kando ya njia, labda ipatikane ruhusa maalumu.

Ubaya wake ni kwamba msimu ni Juni mpaka Novemba, unaishi kwenye begi, saa 12 kwa siku, na mahoteli yamejaa watu walioezuliwa mapaa kwa hiyo ukilala garini usishangae. Mie nimerudi Unguja baada ya mwanangu kunita mjomba kwenye simu.

bi_karafuu
Mwanangu wa Wete, wewe ndo usingeuliza kama huku ina maana. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kilipiga Unguja mikarafuu ikalala chini, Pemba ikasalimika, ndo mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. Na magogo yale yote nani aliyeyakata akayabeba? Utumwa ulikuwa bado, jibu unalo. Ni kweli tupo karibu na ikweta, Pemba ni digrii 5 tu kusini, vimbunga havitujii kila siku. Lakini Kenneth alipiga Cabo Delgado hapo Msumbiji 2019, na Hidaya Mei 2024 akaingia Mafia, na Mafia si mbali jamani.

wa_shangani
Naongezea moja. Huyo injinia wa Florida na kijiko chake ukimleta Mji Mkongwe atatufanyia maafa ya pili. Vichochoro vyenyewe punda anapita kwa adabu, gari haliingii. Halafu nyumba ikianguka kile kilicholala chini si takataka, ni mawe ya matumbawe, maboriti, pengine na mlango wa nakshi, na mji upo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoanguka 25 Disemba 2020 ungeisomba kwa tipa ukaimwage jaani Kibele? Kila jiwe la kuokotwa lile. Kwa hiyo ukitaka kuisoma kazi hii isomee na kwetu, tiketi za mwenzetu hapo juu ni nzuri lakini ongeza safu ya "hichi kinarudi ukutani".

mtoto_wa_wete
Ahsanteni sana, hasa bi_karafuu, nimeona haya kidogo. Leo asubuhi nimekwenda na tepu kwa rafiki yangu mwenye tipa, nikapima bodi, urefu 3.6, upana 2.2, kina 1.1, inakuja mita 8.7 za ujazo. Yeye siku zote analipwa ya kumi. Akaniangalia, akaniambia kunja tepu yako twende tukanywe chai.

bwana_tipa
Mie simo kwenye mada hii tena.